Mkono Mfupi wa Gia

Kwa miaka kumi na tisa Mwalimu alikuwa akifundisha watu kuendesha gari, na kwa miaka yote hiyo gari halikumpeleka popote. Alizunguka tu: uwanja wa mazoezi, barabara ya soko, kilima kifupi, kisha uwanjani tena. Jioni alirudi nyumbani hoi, mguu umekufa ganzi kwa kukanyaga breki ya upande wake, kiganja kinamuuma kwa kushika mikono ya wanafunzi juu ya mkono wa gia.

Mkono wenyewe ulikuwa umechakaa. Uliyumba huku na huku kama mwiko kwenye sufuria tupu. Mwanafunzi akiitafuta gia ya tatu, huenda akaipata, huenda akaikosa, na Mwalimu hurudia yaleyale: "Taratibu. Usiulazimishe."

Asubuhi moja mkewe alimwekea chai mbele, akamtazama.

"Baba, jana usiku ulinishika mkono usingizini ukaniambia nikanyage klachi."

"Ukakanyaga?"

"Nilikukanyaga wewe."

Mwalimu alicheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Siku hiyohiyo alipeleka gari karakana kwa mdogo wake.

Fundi aliutikisa mkono wa gia kwa vidole viwili. "Kaka, bushi, hizi pete za mpira zinazoushika, zimekwisha. Nibadilishe tu, mkono utatulia."

"Sitaki utulie tu. Niwekee ule mfupi, kama wa magari ya mashindano."

"Wewe?"

"Mimi. Kwani nimekufa?"

Fundi alijifuta mikono polepole, kama mtu anayetafuta maneno ya adabu. "Huu mfupi husogea kidogo tu, ni kweli, lakini ni mgumu. Na gia zimebanana. Wanafunzi wako watauweza? Mzoea punda hapandi farasi."

"Wao wamempanda punda wiki tatu. Mimi nimempanda miaka kumi na tisa."

Fundi akakubali. Kaka ni kaka.

Jumamosi Fundi alifungua kifuniko katikati ya viti, akautoa mkono wa zamani, akafunga bushi mpya, akapaka grisi, akakaza ule mfupi. Mwalimu alipoujaribu, gia ya kwanza iliingia kwa mlio mdogo mkavu, ka! Hakukuwa na kuyumba wala kubahatisha. Akaijaribu tena bila sababu.

Jumapili alishusha kibao cha shule kutoka paani, akatoka mjini peke yake. Ya pili, ya tatu, ya nne: kifundo cha mkono tu kilisogea, bega likatulia. Barabara ikapanda vilimani, kona juu ya kona, naye akishusha gia kabla ya kila kona na injini ikiitika papo hapo. Alishtuka kugundua kwamba kwa saa nzima hakuwa amesema neno. Alisimama kileleni atazame bonde, akainamisha kiti kidogo, usingizi ukamchukua mpaka jua likamchoma usoni.

"Ulikwenda wapi?" mkewe aliuliza.

"Hata sijui. Nilikwenda tu."

Jumatatu, mwanafunzi wa kwanza alikuwa mama mmoja mshonaji, mwenye umri wa kukaribia sitini. Alikuwa ameanguka mtihani mara mbili, na wa tatu ulikuwa Alhamisi, kwa gari hilohilo. Alitoka ya pili akitafuta ya tatu, akaangukia ya kwanza. Injini ikapiga ukelele, gari likawatupa mbele.

"Mwalimu, limenikasirikia?"

"Hapana, mama. Jaribu tena."

Alijaribu tena, na tena. Mara ya nne aliweka mikono mapajani.

"Nilikuwa nimeanza kulielewa," alisema kwa sauti ndogo. "Sasa limekuwa la mtu mwingine."

Mwalimu alitaka kumwambia kwamba baada ya wiki mbili angelizoea. Lakini mtihani ulikuwa baada ya siku tatu. Akautazama ule mkono mfupi, mzuri, akashusha pumzi.

Jioni alirudi karakana. "Nirudishie wa zamani."

Mdogo wake hakusema "nilikwambia". Alichukua spana. "Bushi mpya niziache?"

"Ziache. Huo mfupi mpe atakayeufurahia."

"Wewe hukuufurahia?"

Mwalimu alikaa juu ya tairi kuukuu, akafumba macho. "Niliufurahia sana, mdogo wangu. Fanya kazi."

Alhamisi mshonaji alifaulu. Alitoka kwa mtahini akipiga vigelegele, akamshika Mwalimu mikono yote miwili mpaka Mwalimu akakunja uso kwa maumivu.

"Leo nakurudisha nyumbani mimi," alisema. "Na hukai mbele. Kaa nyuma kama mkubwa."

Mwalimu alikuwa na wanafunzi wawili wa jioni. Alisimama kidogo akiwafikiria, kisha akawapigia simu kuwaomba waje kesho. Akafungua mlango wa nyuma, kiti ambacho hakuwahi kukikalia. Kilikuwa kimechanika pembeni, na hakuna aliyewahi kumwambia.

Mshonaji alifunga mkanda, akatazama vioo vyote, akaondoka. Kwenye kilima cha soko gia ililia kidogo kabla ya kuingia. Macho yake yakamtafuta Mwalimu kwenye kioo.

Mwalimu alikuwa akitazama nje dirishani, viatu amevua, kama abiria.