Mhakiki wa Pili

Siku mkuu wa idara alipobandika tangazo la jarida kwenye ubao, Mama Sindano alilisoma mara moja tu, kisha akaenda kuosha kikombe ambacho kilikuwa safi tayari.

Jarida lilikuwa lile ambalo watu wa fizikia ya plazma hulifungua asubuhi kabla hawajafungua vinywa. Lilikuwa limezipitia makala zake za miaka mingi, likaangalia zipi zimenukuliwa zaidi na watafiti wengine, na zilizoongoza likaziita makala zenye uzito. Iliyokaa kileleni ilikuwa ya Kibiriti. Ilikuwa imenukuliwa zaidi ya mara elfu mbili.

"Chanda chema huvikwa pete," alisema mkuu wa idara huku akibana pini ya mwisho. "Na chanda hiki kimelelewa humu humu. Wewe si ulisoma naye?"

"Tulisoma pamoja," alijibu Mama Sindano. "Alikuwa mvivu wa kuosha vyombo."

Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Jina la Kibiriti lilianza siku walipofanikiwa kuwasha plazma kwa mara ya kwanza, enzi hizo wakiwa wanafunzi, ndani ya pipa la chuma walilolichomelea kwa mikono yao. Hewa ilinyonywa, gesi kidogo ikaingizwa, umeme ukapigwa, na gesi ikageuka plazma, ikawaka rangi ya zambarau mpaka dirisha la pipa likang'aa. Kidole kilichobonyeza swichi kilikuwa chake, basi sifa akazibeba yeye. Mama Sindano naye jina lilitokana na kazi. Alitengeneza sindano za waya mwembamba zinazoingizwa ndani ya plazma ili kupima joto lake, na katika hilo hakuwa na mpinzani.

Kibiriti ndiye aliyevikodolea macho vipimo vya mwenzake huyo mpaka akaona ndani yake kanuni moja fupi, ya namna joto la plazma linavyopungua kadiri unavyokaribia ukuta wa pipa. Akaiandika kwa kurasa nne, akamletea.

"Dada, jina lako nimeliweka hapa, baada ya langu. Soma, tupeleke."

Mama Sindano alisoma akiwa amesimama. "Huku ni kubahatisha, kaka. Umeona nukta chache, umechora mstari, umeita kanuni. Mimi jina langu siliweki kwenye bahati nasibu."

Kibiriti alibembeleza, akachoka, akaichapisha peke yake, na mwishoni akaweka mstari mmoja wa kumshukuru kwa "msaada wa vipimo." Bahati nasibu ile ikaja kuwa kanuni kweli. Wajenzi wa mitambo mikubwa wakaitumia na kuinukuu, wanafunzi wao nao wakainukuu, na Kibiriti akahamia kwenye chuo chenye maabara ya ghorofa tatu. Makala ya Mama Sindano iliyosomwa kuliko zake zote ilihusu namna ya kusafisha sindano. Ilikuwa imenukuliwa mara thelathini na tisa, na karibu nusu yake alikuwa amejinukuu mwenyewe.

"Kwani hizo nukuu zinaliwa?" mumewe alimuuliza jioni ile. Alikuwa daktari wa mifugo, na wakati huo alikuwa akijisugua mikono mpaka kwenye viwiko. "Ng'ombe niliyemzalisha leo hajaninukuu hata kidogo, na ndama kasimama."

"Usinitanie, baba watoto. Anasifiwa kwa vipimo vyangu."

"Kwa vipimo ulivyokataa kuvisainia."

"Ndiyo maana inauma!" alisema, na sauti ikamtoka kubwa kuliko alivyokusudia. Mumewe alifunga bomba, akachukua taulo. Alijua pembe za ng'ombe gani hazishikwi.

Tangu hapo Mama Sindano akawa na ugonjwa. Kila alipofika ofisini, kabla ya kuvua koti, alifungua ukurasa wa Kibiriti kuangalia namba. Namba haikuwahi kushuka. Nukuu ikishaingia haitoki. Hata hivyo aliitazama kama mtu anayemtazama jirani akipaka nyumba rangi, akiomba mvua inyeshe.

Na mvua ikaja. Mhariri wa jarida alimtumia makala mpya aihakiki. Kwa desturi ya jarida lile, waandishi hawaambiwi wahakiki wao ni akina nani. Makala ilikuwa ya binti mmoja aliyekuwa ndiyo kwanza amalize masomo, na ilidai kwamba kanuni ya Kibiriti si sahihi: karibu na ukuta, plazma ina joto kubwa kuliko kanuni inavyosema.

Mama Sindano alifunga mlango wa ofisi. Moyo ulikuwa ukimdunda kama wa msichana aliyepokea posa. Alisoma ukurasa wa kwanza akitabasamu na wa pili akitabasamu. Kwenye wa tatu palikuwa na mchoro, na tabasamu likamwishia.

Sindano ikishika uchafu, hata ule usioonekana kwa macho, husema uongo: hulikuza joto. Dalili yake ni moja. Ukiupandisha umeme kwenye sindano kisha ukaushusha, mistari miwili kwenye mchoro inapaswa kupita njia moja. Sindano chafu hupandia huku na kushukia kule. Katika mchoro wa yule binti mistari ilikuwa imeachana, si sana, lakini kwa jicho la Mama Sindano ilikuwa imeachana kama miguu ya mtu aliyeteleza. Binti hakukosea hesabu wala hakudanganya. Hakujua tu kwamba sindano husafishwa kwa kuipasha moto ikiwa humo humo ndani ya pipa. Kanuni ya Kibiriti ilikuwa salama salimini.

Alichopaswa kuandika kilikuwa sentensi mbili: safisha sindano, pima upya. Alikaa nayo wiki nzima. Alijiambia kwamba mhakiki wa kwanza ataona, ingawa alijua fika kwamba huyo atakuwa mtu wa nadharia, na mambo ya sindano ameachiwa yeye, mhakiki wa pili. Alijiambia kwamba jarida lina wasomaji, na wasomaji wana macho. Siku ya saba mkuu wa idara akapita mlangoni kumjulisha kwamba Kibiriti amealikwa kufungua mkutano mkuu wa mwaka. Alipoondoka tu, Mama Sindano akaandika: "Vipimo vimefanywa kwa umakini mkubwa. Napendekeza ichapishwe bila kuchelewa." Akaituma, na chakula cha mchana siku hiyo akakila chote.

Makala ikatoka, na watu wakaanza kubishana. Wengine walisema kanuni imekufa, wengine wakasema haijafa, na kila aliyeandika, awe wa upande upi, ilimbidi aitaje kwanza ile kanuni yenyewe. Kumkosoa mtu nako ni kumnukuu. Kila asubuhi Mama Sindano alifungua ukurasa akitarajia kuona msiba, akakuta harusi: namba ya Kibiriti ilikuwa ikikimbia kuliko wakati wowote. Hasira za mkizi, furaha ya mvuvi.

"Mbona siku hizi unameza chai kama dawa?" mumewe alimuuliza.

"Imepoa," alisema, na mvuke ulikuwa unamfuka usoni.

Alikwenda kwenye mkutano mkuu kwa sababu kutokwenda kungeulizwa. Hotuba ya ufunguzi ya Kibiriti aliisikiliza akiwa safu ya nyuma kabisa, akihesabu mara alizochekesha watu. Baada ya hotuba akapanda yule binti. Alikuwa mwembamba, amevaa koti lililomzidi mabega, pengine la kuazima, na alieleza kazi yake vizuri, kwa sauti isiyotetemeka. Alipomaliza, mzee mmoja wa safu ya mbele akashika kipaza sauti.

"Binti, sisi tumerudia vipimo vyako mara tatu. Hilo joto lako hatulipati. Umekosea wapi?"

"Sijui, mzee. Nilifuata kila hatua."

"Mtu hafuati kila hatua akafika pasipo pake."

Kicheko kidogo kikapita ukumbini. Binti alishika ukingo wa meza. Hapo Kibiriti akainuka kwenye kiti chake, na Mama Sindano akangoja aone mwenye kanuni akimmaliza mpinzani wake.

"Tusimcheke," alisema Kibiriti. "Hata mimi mchoro ule nimeutazama mpaka macho yakauma, sikuona kitu. Mimi si mtu wa sindano. Lakini kanuni hii inayobishaniwa ilizaliwa kwenye vipimo vya mtu aliye humu ndani, na jina lake lilipaswa kuwa juu ya ile makala pamoja na langu. Dada Sindano, nimekuona huko nyuma. Tusaidie."

Vichwa vyote vikageuka.

Njia ya katikati ilikuwa na zulia, lakini alisikia kila hatua yake. Alisimama mbele ya skrini yenye mchoro wa binti. Angeweza kusema hajui. Aliinua mkono, akaonyesha mahali mistari ilipoachana, akaeleza habari ya uchafu, na ya kupasha moto, kwa maneno machache kama anavyowaeleza wanafunzi wake. Ukumbi mzima ukatikisa kichwa kukubali. Mtu mmoja alipiga makofi.

Binti hakuwa anatazama mchoro. Alikuwa anamtazama yeye.

Mama Sindano alimkuta baadaye kwenye korido ya nyuma, karibu na milango ya vyoo, uso umelowa maji na koti analo mkononi.

"Shikamoo, Profesa."

"Marahaba, mwanangu."

"Umeliona kosa kwa mbali vile, kwa dakika moja." Binti alijipangusa kidevu. "Mhakiki wangu wa pili aliandika vipimo vimefanywa kwa umakini mkubwa. Nilimsomea mama yangu kwenye simu. Nikawa najiuliza, mtu wa namna gani anasoma mchoro wa sindano na haoni…"

"Aliona," alisema Mama Sindano. "Ni mimi."

Nyuma yao vikombe vya chai viligongana na watu wakacheka.

"Uliona, ukaniacha?"

"Niliona."

"Nimekukosea nini mimi? Hatujuani."

"Hukunikosea. Nilikuwa na kijicho na mtu mwingine. Nilitaka aanguke."

"Na mimi je?"

Ukweli ni kwamba katika wiki ile yote Mama Sindano hakumfikiria binti huyu hata mara moja. Alikuwa kwake kama fimbo, na nani huiuliza fimbo imeumia wapi? Binti alivaa koti lake, akafunga vifungo vyote, akaondoka bila kuaga.

Mama Sindano alimweleza Kibiriti yote siku ile ile, wakiwa wamesimama kwenye maegesho. Kibiriti alisikiliza mpaka mwisho, akizungusha funguo za gari kwenye kidole.

"Ungeniambia tu kwamba unanichukia."

"Sikuchukii. Ningekuchukia ningepumzika. Nakuonea wivu, kaka, tangu ile makala ilipotoka."

"Nilikuomba uweke jina. Nilikubembeleza mpaka nikajidharau."

"Najua. Wivu ungekuwa na akili, usingeitwa wivu."

Kibiriti hakucheka. Aliingia garini, na kwa mwaka mzima simu yake haikuita kwa Mama Sindano.

Mama Sindano aliporudi alimwandikia mhariri, akaeleza alichofanya, bila kupaka rangi. Jarida likamwondoa kwenye wahakiki wake. Mkuu wa idara akapata habari, na kwa muda mrefu kwenye chumba cha chai watu walikuwa wakimaliza mazungumzo haraka akiingia. Mumewe alipoambiwa alisema, "Huyo mtoto wa watu ndiye wa kushughulikiwa. Wengine mtaelewana wenyewe." Nafasi ya kazi aliyokuwa akiitarajia yule binti ilikwishampita, waliokuwa wamemwita walimwandikia kwamba wanatafakari upya.

Mama Sindano alimwalika aje kwenye maabara yake apime upya. Binti hakujibu. Alimwalika tena. Msimu ukageuka, na asubuhi moja akamkuta mlangoni na begi mgongoni.

"Sikuja kukusamehe," alisema. "Nimekuja kujifunza sindano."

"Basi vua saa na bangili. Chuma mkononi hakitakiwi humu."

Walifanya kazi wiki kadhaa, mara nyingi bila maneno zaidi ya yale ya kazi. Binti alikuwa na mikono myepesi. Hakuna alichoonyeshwa mara mbili. Waliipasha sindano moto mpaka ikawa nyekundu, wakaiacha ipoe, wakapima. Mistari ikapita njia moja, ikapanda na kushuka kama uzi mmoja. Joto likaangukia pale pale kanuni ilipolitabiria.

Binti aliandika masahihisho kwa jina lake peke yake, na Mama Sindano hakuthubutu kuulizia. Yakachapishwa. Barua zikaanza kumfikia, za watu wanaotaka mtu mkweli anayejua sindano, na mojawapo ikampa kazi.

Asubuhi masahihisho yalipotoka, Mama Sindano alifungua ukurasa wa Kibiriti. Alikuwa amejiahidi kuacha, lakini alifungua. Namba ilikuwa imeongezeka tena, moja kati yake ikitokana na kazi iliyofanyika kwenye pipa lake mwenyewe, na kile kitu kifuani kikambana kama kawaida, hakikupungua hata kidogo.

"Profesa," binti aliita kutoka maabara, alikokuwa akifungasha vitu vyake. "Waya huu uliobaki nichukue, au una kazi nao?"

"Chukua," alisema Mama Sindano. Akavua koti, akaenda kumshikia sanduku.