Kovu la Injini ya Baba

Fundi Spana alikuwa na maneno tangu asubuhi. Mkaguzi wa magari ya kale hajashusha hata begi lake, tayari ameshaambiwa kwamba pale hapana cha kukagua, ni kuweka saini na kuondoka.

"Injini ile ile ambayo gari lilitoka nayo kiwandani, mzee. Hata nati sijabadilisha!"

Dada yake, fundi cherehani, alicheka. Walikuwa mapacha, na Mama alikuwa akisema kwamba hata tumboni huyu wa kiume ndiye aliyekuwa na fujo. Alikaa kwenye kigoda mlangoni mwa gereji, mapajani ana mto wa kiti cha nyuma anaumalizia kushona, roho yake kwatu. Leo gari la Baba lilikuwa linarudi kwake.

Siku ya kugawana mirathi watu walimwona hamnazo. Spana alichukua nyumba, yeye akachukua gari bovu lililokaa juu ya matofali. Mashangazi walimvuta pembeni wakamuuliza kama yuko sawa. Alikuwa sawa kabisa. Nyumba kwake ilikuwa kuta tu. Baba alikuwa kwenye ile injini. Akamkabidhi pacha wake gari kwa sharti moja: injini ya Baba isitolewe, ifufuliwe hiyo hiyo. Spana akajigonga kifua. "Pacha, unanionaje? Kwani alikuwa baba yako peke yako?"

Mkaguzi hakuwa mtu wa porojo. Alifunua boneti, akasoma kibati cha namba kilichopigwa ribiti kwenye bodi, nyuma ya injini, kisha akasoma namba iliyogongwa ubavuni mwa bloku, lile pande kubwa la chuma lenye silinda ndani yake.

"Zinalingana," alisema. "Kwa namba, gari na injini vilizaliwa pamoja." Lakini hakuandika kitu. Aliinamia begi lake, akaanza kupekua.

"Si nilisema mimi!" Spana akapiga kofi kwenye tairi. "Pacha, njoo uone kazi ya kaka yako."

Fundi cherehani akaweka mto chini, akaja. Lo, injini iling'aa! Ila yeye na namba wapi na wapi. Alikuja kusalimia kitu kimoja tu. Siku waliyozaliwa, Baba alikuwa akimkimbiza Mama hospitali, rejeta ikachemka njiani. Kwa haraka zake akamwagia maji baridi chuma cha moto, bloku ikapasuka. Wakafika hivyo hivyo, gari likivuja maji na Mama akimtukana kila mtu. Baadaye fundi mmoja akauziba ufa kwa shaba, pakabaki kovu chini ya bomba la ekzosi, mahali pa kupapasa tu, macho hayafiki. Kila siku yao ya kuzaliwa Baba aliwashika vidole akawagusisha hapo. "Na hili lilizaliwa siku hiyo," alikuwa akisema, "kwa hiyo mko watatu." Binti alilifuata kovu polepole, mwanzo hadi mwisho. Spana aligusa juu juu, akakimbilia kupiga honi.

Sasa fundi cherehani akapenyeza mkono chini ya bomba. Chuma kilikuwa laini. Akadhani amekosea mahali, akapapasa huku, akapapasa kule, kote laini kama sahani. Labda rangi mpya imelifunika, alijiambia. Lakini kovu lile lilikuwa nene kama kamba ya kiatu, na hakuna rangi ya kufunika kitu kama hicho.

Alitoa mkono, akaufuta kwenye gauni lake zuri bila kujua anafanya nini.

"Mzee, hebu futa rangi hapo kwenye namba."

"Ndiko nilikokuwa naelekea," mkaguzi alijibu, na kumbe alichokuwa akikitafuta begini ni chupa ya thina ya kutolea rangi.

"Ya nini sasa kuniharibia rangi?" Spana aliruka. "Namba si umeshaisoma?"

Rangi ikatoka. Mkaguzi akaulaza mwanga wa tochi ubavuni mwa bloku, akatazama kwa muda mrefu.

"Kiwandani sehemu hii husawazishwa kwa mashine," alisema. "Hubaki mistari myembamba iliyonyooka. Hapa pamesagwa kwa grenda, kisha namba ikagongwa upya kwa mkono. Injini ni ya aina ile ile, lakini si ya gari hili."

Fundi cherehani alimgeukia kaka yake. "Iko wapi?"

"Pacha, nisikilize kwanza..."

"Injini ya Baba iko wapi?"

Spana alikuna kisogo. "Ilikuwa imekufa ile. Nimetafuta vipuri mpaka nimechoka. Wakapita watu wa chuma chakavu, basi. Ilishayeyushwa zamani. Lakini sikukutupa! Nikakutafutia nyingine, nzima, nikakugongea namba mwenyewe, moja moja, ili usiumie. Ningekuambia si ungelia?"

Injini kufa, hilo angelipokea. Hata Baba mwenyewe alikufa. Kilichomchoma ni zile siku alizokuja na vitambaa vya viti, Spana akamtazama usoni na kumwambia, "Inapona, Pacha, inapona," naye akarudi nyumbani akiimba njia nzima. Alitiwa mchanga wa macho na mtu aliyelala naye tumbo moja. Aliona aibu, kana kwamba yeye ndiye aliyedanganya.

"Andika ulichokiona," alimwambia mkaguzi.

Spana alinywea. Halafu, maana hakuwa mtu wa kushindwa kuuliza, akauliza: "Na nani kanichongea kwako? Mambo ya grenda huyajui. Hata namba yenyewe hukuitazama."

"Kovu halipo."

Spana akakunja uso. Akaitazama injini, akamtazama dada yake, akaitazama tena injini. Fundi cherehani alimsubiri. Safari hii alitamani adanganywe, walau kaka yake ajitie anakumbuka.

"Kovu gani?" Spana aliuliza.

Dada yake aliokota mto wake, akaupangusa vumbi, akaondoka nao.