Kilo Kumi na Nane

Nilipomzaa Laban, mwaka wa tisini na mbili, nilikuwa na kilo themanini na sita na presha iliyokaribia kuniua pale kitandani. Nesi akaniambia bila kunificha: nikitaka kumlea huyu mtoto, nitembee kila asubuhi na nipunguze sukari na mafuta. Basi kila kukicha nikawa natoka Nyamasaria kwa mwendo wa haraka hadi darajani na kurudi. Uji mtamu wa mama mkwe wangu, Perez, nikawa naunywa nusu kikombe. Kufikia mwezi wa tano wa mtoto, kilo kumi na nane zilikuwa zimekwenda.

Nikajiona, mjinga mimi. Miaka ile mtu akikonda Kisumu, hakuna aliyemuuliza anakula nini. Walihesabu siku zake. Perez alisema ni chira, kwamba nimevunja mwiko. Wanawake wa samaki kule Dunga walisema ni ukimwi. Mume wangu, Oketch, aliyenunua dagaa wa omena kwao, akaamini yote mawili.

Jumamosi moja kulikuwa na manyunyu, nikamwacha Laban amelala nikaenda kutembea. Niliporudi, godoro langu lilikuwa nje kwenye matope. Perez alikuwa amembana mtoto magotini, anamtia maziwa ya ng'ombe kwa kijiko, naye anapaliwa na kulia. Akasema ziwa langu ni sumu. Mtoto angepelekwa Sondu kwa shangazi yake siku hiyo hiyo, na mimi nirudi kwetu nikafie huko.

Nikanyoosha mikono nimchukue. Oketch akanipiga mbavuni kwa mpini wa jembe, kisha mdomoni. Nikaanguka. Akanipiga mateke ya tumbo, tumbo lile lile lililombeba mwanawe, na hasira niliyoisikia sijawahi kuisikia tena. Alipoinama, nikaudaka mkono wake nikauma mpaka meno yakagota mfupa. Akapiga yowe, akauchomoa.

Niliposimama damu ilikuwa imenijaa kidevuni, na hakuna aliyenitazama machoni. Walitazama damu. Oketch akarudi nyuma hadi ukutani. Hapo ndipo nilipoelewa. Nikajifuta mdomo kwa kiganja, nikamnyooshea Perez kile kiganja chekundu.

"Mama, nipe mtoto yangu. Ama nikupake."

Akamweka Laban chini, akatoka mbio bila viatu. Nikaketi mlangoni nikamnyonyesha. Alinyonya kwa pupa, kilio kikakatika.

Oketch alikuwa akijimwagia mafuta ya taa kwenye mkono, huku analia. Akanionyesha alama za meno yangu.

"Lornah, sasa mimi nitakufa?"

Kliniki walikuwa wamenipima damu mara mbili. Sikuwa na ugonjwa huo, na cheti kilikuwa ndani ya Biblia yangu, hatua tatu kutoka pale alipokuwa amesimama. Nilimtazama vizuri, mbavu zikiniwaka.

"Ndio," nikamwambia. "Utaanza na kukonda."