Redio Iliyomtafuta Zuhura

"Andika sifuri nne," alisema Hezekia. Faraji akaandika sifuri nne, na simu ikakataa.

"Basi moja, mbili, tatu, nne."

Ikakataa hiyo nayo. Hezekia, fundi redio wa Mombo mwenye kibanda kinachotazamana na barabara kuu ya Moshi, alijikunja zaidi ndani ya Probox, miguu yake ikabaki nje kwenye vumbi. Redio ya gari la Faraji ilikuja na gari lenyewe kutoka Japani, na haikuona sababu ya kujifunza lugha ya watu wa huku. Maandishi yake yalikuwa ya kwao, na kila ukiwasha gari, dada mmoja aliyejificha ndani ya dashibodi alitamka sentensi ndefu yenye adabu nyingi, ambayo kutoka Mombo mpaka Mlalo hakuna mtu aliyewahi kuijibu.

"Nimeona tatizo," Hezekia alisema. "Imejaa. Inakumbuka simu tano tu. Nne ni za hao Wajapani, ya tano imeandikwa Zuhura. Ukiwasha gari inaanza kuwatafuta wote, ndiyo maana wewe haikusikii. Tufute jina moja. Tumfute huyu Zuhura?"

"Huyo acha," alisema Faraji. "Futa Mjapani."

Hezekia alimtazama kidogo, akarudi kwenye kazi yake. Hakuuliza. Habari za mke aliyerudi kwao hushuka mlimani haraka kuliko lori la kabichi lililokatika breki, na Mombo zilikuwa zimeshafika zamani.

Zuhura alikuwa kwa wazazi wake, juu ya Soni njia ya Bumbuli, tangu mwisho wa masika. Hapakuwa na ugomvi, na hilo ndilo lililowashinda wazee, maana ugomvi una mahali pa kuushika. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa hospitali hana pumzi. Wanaume walimchukua wakaenda kumzika siku ile ile, kama ilivyo desturi, na mama yake akabaki kitandani, hakumwona. Faraji aliporudi kutoka makaburini, Zuhura alimuuliza swali moja tu: alikuwa anafananaje? Faraji akajibu, "Sijui." Walipofika nyumbani akamuuliza tena, na jibu likawa lile lile. Mara ya tatu alipojibiwa hivyo, Zuhura alikunja nguo zake, akaondoka. Watu wakasema Faraji ana moyo wa jiwe. Haikuwa kweli, ila uso wake uliwasaidia sana waliosema hivyo.

Leo kulikuwa na nafasi. Nassir, kaka yake Zuhura, alikuwa amepiga simu asubuhi. Mama yao, Bi Salama, alikuwa anarudi kwa basi kutoka Korogwe alikokwenda kumuuguza dada yake.

"Shemeji, kamchukue mama hapo Mombo," Nassir alisema. "Baba hana neno, amesema lililobaki ni la mama. Mama akifika na moyo mweupe, jioni tunakaa, unamchukua mkeo. Akifika amenuna, shemeji, utafute pa kwenda."

"Sasa njiani nizungumze naye nini?"

"Wewe? Usizungumze kitu. Mwekee kaswida. Mama anapenda kaswida kuliko chai."

Ndipo ilipoanzia kazi ya redio. Zamani Zuhura ndiye aliyekuwa akiunganisha simu yake, na Faraji hakuwahi kujiuliza anafanyaje. Simu yake mwenyewe ya zamani ilikuwa ya vitufe. Hii ya kupangusa aliinunua baada ya mkewe kuondoka, na mpaka leo alikuwa akiigusa kwa woga, kwa ncha ya kidole.

Mjapani mmoja akafutwa. Simu ikaandika *Imeunganishwa*. Faraji akabonyeza kaswida, na kaswida ikacheza ndani ya simu peke yake, kwa sauti ya mbu. Kwenye redio hakukutoka kitu. Hezekia alizungusha sauti mpaka mwisho, kifuniko cha kitufe cha sauti kikamng'okea mkononi, bado kimya.

"Imekubali simu, imekataa muziki," alisema. "Wakati mwingine hufanya hivyo. Endesha tu, itabadili mawazo yenyewe."

Hapo basi la Korogwe likapiga honi.

Usambara kuna mama wakwe wa siku hizi wanaotaniana na waume wa binti zao. Bi Salama hakuwa wa siku hizi. Aliteremka na kapu na begi, mkoba begani, akavuta ushungi ukamfunika nusu ya uso, akasimama akitazama pembeni. Faraji aliinama na kupokea begi kwa mikono miwili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba."

Alimfungulia mlango wa nyuma. Kabla hajakaa kwenye usukani alinyoosha mkono akageuza kioo cha kati kikatazama dari, ili asije akakutana uso kwa uso na mkwewe. Simu akaiweka juu ya dashibodi. Dada wa Kijapani akasema sentensi yake, wakaondoka.

"Dada anaendeleaje, mama?" Faraji aliuliza walipouacha mji.

"Hajambo sasa."

"Alhamdulillahi."

"Alhamdulillahi."

Yakawa yameisha. Mlima ukaanza, na kona zake, upande mmoja mwamba na upande wa pili bonde. Faraji aliijua njia hii kwa mwili mzima, na kwa kawaida alipenda kuipanda, lakini leo kimya kilikaa ndani ya gari kama mtu wa tatu. Kila baada ya kona aliitazama simu. *Imeunganishwa*, ilisema. Alijiona akifika kwa wakwe zake na mama aliyekaa saa nzima bila kusemeshwa, na aliona jinsi Nassir atakavyotikisa kichwa. Aliogopa, na kwa mtu wa aina yake woga haukuonekana popote isipokuwa kwenye vidole, vilivyoukaza usukani.

Walipofika katikati ya mlima redio ikakwaruza. Kisha ikakohoa kikohozi cha mtu.

"Baba mkwe, shikamoo," redio ikasema, kwa sauti iliyojaza gari lote. "Mimi nimekuja. Kama unavyoniona... nimekuja. Mvua nazo zimekatika."

Ilikuwa sauti yake Faraji. Baba yake mdogo, Mzee Shabani, ndiye angekwenda naye kumwombea mkewe arudi, na alikuwa amemwambia ajifunze kusema kwanza. "Jirekodi kwenye hiyo simu, ujisikie unavyowatia watu baridi." Faraji akawa anajirekodi ndani ya gari akisubiri abiria. Sasa simu, ilipoikubali redio, haikungoja kuambiwa icheze nini. Ilianza na ilichokikuta juu kabisa.

Alipeleka mkono kwenye kitufe cha sauti. Kifuniko hakikuwepo, kimebaki kijiti cha chuma chembamba kilichoteleza kwenye vidole. Mbele, kwenye kona, lori la mboga likatokea likiteremka katikati ya barabara, naye akarudisha mikono yote kwenye usukani na kuubana mwamba. Gari likayumba. Simu ikateleza juu ya dashibodi, ikaanguka, ikapita kati ya viti kwenda nyuma.

"Lushoto, Lushoto, bado mmoja!" redio ilipiga kelele. Hiyo ilikuwa ya pili. Siku hiyo abiria walikuwa wamemkatiza.

"Mama, samahani," alisema Faraji. "Naomba hiyo simu."

Alisikia kitambaa kikisogea, na pumzi ya mtu anayeinama. Bi Salama alikuwa ameiokota. Faraji alinyoosha mkono wa kushoto nyuma bila kugeuka, kiganja wazi, akangoja.

"Zuhura," redio ikaanza tena, safari hii taratibu.

Simu haikuja.

"Zuhura. Uliponiuliza nilisema sijui. Nilimwona. Mimi ndiye niliyempakata mpaka makaburini, baba mdogo alikuwa anaendesha, na njiani nilifunua kile kitambaa. Nilifunua mara mbili. Alikuwa na nywele nyingi. Masikio yalikuwa yako, yale yaliyokunjika juu. Kidole gumba cha mguu cha kwetu. Hakuwa na kasoro yoyote, Zuhura. Wewe hukukosea kitu. Alikuwa kama mtoto aliyelala baada ya kunyonya."

Ilifuata kona nyingine. Faraji alishusha gia. Mkono wake ulikuwa umerudi kwenye usukani, na yeye alitamani ardhi impasukie, gari na yote.

"Nilisema sijui kwa sababu ningesema hata hizo nywele tu ningelia, na pale wodini walikuwepo watu. Uliponiuliza tena nyumbani, nikaogopa. Nikasema moyoni, akijua nilimficha, atanichukia. Sasa umeondoka hata hivyo." Redio ikavuta pumzi. "Nilimlaza mwenyewe. Nilishuka kaburini mimi, sikumpa mtu. Basi. Hii inazimwa wapi?"

Hapo kaswida ikalipuka kwa dufu na sauti za vijana wengi, kwa nguvu iliyotetemesha vioo. Ng'ombe aliyekuwa kando ya barabara alikurupuka. Faraji alipata mahali papana karibu na maporomoko ya Soni, akaegesha, akazima gari. Kaswida ikakatika katikati ya neno, wakabaki na mlio wa maji.

Hakugeuka. Alitazama mbele, ukungu ulikokuwa unaanza kushuka. Nyuma, baada ya muda, mtu akapenga kamasi kwenye kanga, akasema maneno machache ya Kishambaa ambayo hayakuwa ya Faraji wala ya mtu mwingine yeyote aliye hai.

"Faraji," alisema Bi Salama. Hakuwahi kumwita kwa jina.

"Naam, mama."

"Nywele nyingi?"

"Nyingi, mama. Mpaka hapa kwenye shingo."

"Na mama yake alizaliwa nazo hivyo hivyo," alisema. "Wakunga walicheka." Akavuta pumzi. "Miezi yote hii mwanangu haniulizi kingine. Ananiuliza mimi, ambaye sikuwepo. Nimjibu nini? Nami nikakuchukia, baba. Nakuambia kweli, nilikuchukia sana."

"Ulikuwa na haki, mama."

"Sikuwa na haki. Nilikuwa sijui." Kifungo cha mkoba wake kikalia. "Hii simu nakaa nayo mimi. Usije ukafika pale ukamwekea redio. Atasikia kwa mdomo wako."

"Mama, mimi kwa mdomo..."

"Twende, mvua inakuja."

Wakaenda. Kutoka Soni njia ya Bumbuli Faraji alikuwa na jambo jipya la kuogopa. Midomo yake ilikuwa inacheza. Alijaribu neno la kwanza, akaliacha, akajaribu jingine. Alipita mashamba ya chai na wachumaji wakirudi na vikapu vyao, na kwa mara ya kwanza tangu aanze udereva hakuwapigia honi.

Nassir alikuwa anawasubiri kwenye ukingo wa uwanja, pamoja na jirani mmoja au wawili ambao hawakuwa na shughuli. Alichungulia uso wa mama yake, akaona macho mekundu, akamtazama shemeji yake kama anayemtazama marehemu.

"Nilete mizigo, mama?"

"Mizigo iache. Mwite dada yako."

Zuhura alitoka jikoni akijifuta mikono kwenye kitenge. Alikuwa amekonda. Alimwamkia mama yake, akamkumbatia, na kuelekea kwenye gari alitazama mara moja tu, upande wa matairi.

"Panda hapo mbele," mama yake alimwambia. "Mumeo ana maneno."

"Faraji?" Zuhura alisema. "Maneno?"

"Panda, mwanangu."

Alisimama kwa muda. Halafu akafungua mlango, akakaa, miguu akaiacha nje kwanza, kisha akaiingiza nayo, akafunga. Bi Salama aligeukia uwanja. Aliwaambia majirani kwamba dada yake hajambo, kwamba amewaletea salamu, na kwamba salamu zenyewe atawapa kesho. Nassir naye akaambiwa na mama yake aingie ndani. Wote wakaondoka, maana sauti yake ilikuwa ya chini sana, na watu wa pale waliiogopa hiyo kuliko ile ya juu.

Nassir hakukatazwa dirisha. Kutoka pale hakusikia kitu. Ukungu ulikuwa umefika uwanjani na vioo vya gari vimeanza kupata mvuke, lakini cha mbele bado kilikuwa safi. Alimwona shemeji yake akitazama mbele, mikono juu ya usukani, kwa muda mrefu kiasi kwamba Nassir alikata tamaa. Dada yake alikuwa ameshika kitasa cha mlango.

Kisha midomo ya Faraji ikafunguka. Ikafunga, ikafunguka tena. Alisema kitu kifupi. Zuhura akaachia kitasa, akamgeukia mwili mzima, akauliza. Na Faraji aliiondoa mikono kwenye usukani, akaiinua hewani mbele ya kifua chake, kiganja kikitazamana na kiganja, baina yake nafasi ndogo, urefu wa mkate. Akaangalia kama amekosea. Akaipanua kidogo tu, akaituliza hapo. Zuhura alileta mikono yake taratibu kutoka chini, akaishika ya mumewe ikiwa vile vile ilivyo, ili isisogee.