Muhtasari wa Kiwanda cha Betri

Bodi ya afya haikuwa na desturi ya kusoma. Ilikuwa na desturi ya kufupishiwa. Makala ya gazeti yenye kurasa mbili iliwafikia wajumbe ikiwa nusu ukurasa, na kwa nusu ukurasa huo, alasiri hiyo, wangeamua kama kiwanda cha betri kifunguliwe tena.

Aliyeuandika muhtasari huo ni Karani, shemeji wa Mwenyekiti. Mhariri wa ofisi, ambaye mtoto wa dada yake alikuwa miongoni mwa wagonjwa waliotajwa katika makala hiyo, aliusoma akiwa amesimama.

"'Kiwanda kinajali afya ya jamii.' Maneno ya nani haya?"

"Yangu."

"Ya msemaji wa kiwanda! Umeruka kurasa mbili kama chura, ukatua kwenye aya ya mwisho."

"Hasira za nini, dada yangu?" Karani alicheka. "Mwisho ndipo penye jambo."

"Mwisho wa ng'ombe ni mkia."

Alimpokonya gazeti, akalikalia. "Haya, nieleze ulichosoma."

Karani alitazama dari. Dari haikumsaidia.

"Watoto wa nyuma ya kiwanda wana madini ya risasi kwenye damu," alisema hatimaye. "Meneja aliletewa vipimo mwaka jana, akavificha."

"Kumbe kinywa unacho! Hayo ndiyo maneno yako. Yaandike."

Mwenyekiti alipoletewa muhtasari mpya, uso ulimkunjamana. Hakusema ni uongo, kwa kuwa hilo lingemlazimu kusoma makala.

"Mrefu. Fupisheni."

Mhariri aliondoa mitaa na tarehe.

"Bado."

Aliondoa moshi, mabomba na mashahidi. Kila alipokata, kilichosalia kilizidi kuuma, hadi ikabaki sentensi moja: Meneja alijua kiwanda kinawatia watoto sumu, akanyamaza.

"Huu hauna adabu. Leteni ule wa kwanza."

"Nimeuchana, shemeji," alisema Karani. Safari hii hakucheka.

Wajumbe waliisoma sentensi hiyo kwa pumzi moja. Mmoja akauliza, "Alijua tangu lini?"

Wote walimgeukia Mwenyekiti. Aliinua kikombe chake cha chai, akachomoa nakala yake ya gazeti iliyokuwa chini ya kikombe hicho, akaanza kusoma kutoka mwanzo, kwa sauti.

Kiwanda hakikufunguliwa. Karani alimpa Mhariri mkono wa pongezi, Mhariri hakuupokea. Nakala ile ya gazeti ilikuwa chini ya kikombe kile wiki nzima, na wiki nzima mtoto wa dada yake alikuwa hospitalini.