Swali la Nne

Watu ishirini na saba, siku kumi na nne, na wote buheri wa afya. Mchoraji aliipandisha orodha kwenye kompyuta, akaishusha, kama mtu anayetafuta sindano aliyoidondosha mwenyewe. Kazi yake ilikuwa kubuni kurasa za programu za simu, na hii aliibunia zahanati moja, iwapunguzie mzigo wa moyo watu wanaouguza wagonjwa nyumbani. Kila asubuhi simu inakuuliza, "Unajisikiaje leo?" Chini yake nyuso tano, kuanzia anayecheka mpaka anayelia. Ukibonyeza anayelia, linakuja duara la buluu, linatanuka na kunywea, nawe unapumua nalo taratibu.

Duara hilo lilimlia wiki tatu. Kwa siku zote kumi na nne, hakuna aliyelihitaji.

"Hongera," alisema daktari wa zahanati, mama mmoja asiyejua kupaka maneno mafuta. "Umewaponya kabla hujawatibu."

"Labda kweli hawajambo, daktari."

"Mtu anamgeuza mgonjwa kitandani mara sita kwa siku, halafu anacheka? Niletee kitu cha maana Alhamisi. La sivyo, tunaifunga."

Ila kilichomkereketa mchoraji hakikuwa daktari. Mtu wa kumi na tisa kwenye ile orodha alikuwa dada yake mwenyewe, mkubwa wake kwa miaka kumi na moja, aliyembeba mgongoni na kumfunza kusoma. Sasa dada alimuuguza mama yao, ambaye akili ilikuwa ikimtoka kidogo kidogo, kama maji kwenye mtungi wenye ufa. Siku kumi na nne dada alikuwa akicheka kwenye simu. Na mdogo wake aliamini, kwa sababu kuamini kulimfaa.

Akafunga safari akaenda. Dada alikuwa mshonaji. Cherehani chake alikiweka sebuleni, kikitazama mlango wa chumba cha mama, ili jicho moja liwe kwenye sindano na jingine kwa mgonjwa.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Mbona umekonda? Huko ofisini mnakula kompyuta?"

"Tunakula waya. Habari za hapa?"

"Nzuri."

"Za kazi?"

"Nzuri tu, tunashukuru."

"Watoto?"

"Hawajambo, wako shule."

"Na usingizi je, dada?"

Cherehani kikanyamaza. Dada alikuwa na shati la mwanafunzi mikononi, na mchoraji akaona kwamba mkono mmoja wa shati umeshonwa ukaziba mwishoni, kama mfuko. Miaka ishirini na mitano ya ushonaji, hajawahi kumwona akikosea hivyo.

"Usingizi," alisema dada, kana kwamba anamtaja jirani aliyehama. "Unajua mama ananiita mwizi? Namlisha, ananiuliza chakula hiki nimekiiba wapi. Jana nikamfokea. Nilimfokea mama, mdogo wangu, mpaka akajikunyata ukutani. Halafu nikajifungia bafuni, nikafungulia maji ili watoto wasinisikie."

"Na jana ulibonyeza uso unaocheka."

"Ulitaka nijibuje? Mtu akikuuliza hali, unasema nzuri. Ndiyo adabu. Utamtwisha mzigo mlangoni, hata hajakaa?" Akajifuta pua kwa ncha ya mtandio. "Hata simu ina haki yake ya salamu."

Mchoraji akatazama chini. Programu yake ilikuwa imesimama mlangoni wiki mbili nzima, ikibisha hodi na kuondoka. Ukweli wa mtu hukaa vyumba vya ndani, unaufikia baada ya kuulizia kazi, na watoto, na usiku ulivyopita. Hata yeye, mtoto wa nyumba, muda wote huo aliituma simu imsalimie dada yake.

"Nikiibadilisha," alisema, "ikakuuliza mpaka swali la nne, utasema kweli?"

"Nikisema itanifanyia nini? Itanileta kwenye lile duara ulilonionyesha?"

"Hulipendi?"

"Zuri. Linapumua vizuri kuliko mimi." Dada akacheka, na kicheko kikamkatikia njiani. "Mdogo wangu, pumzi ninazo. Mikono ndiyo sina."

Siku mbili mchoraji hakufanya kazi nyingine. Nyuso alizitupa zote. Akaiandikia simu maswali yanayofuatana kama salamu za mtu aliyekuja kukaa, na baada ya la nne akaweka kitufe kimoja: *Nahitaji mikono.* Ukikibonyeza, ujumbe unakwenda kwa mtu wako wa zamu, uliyemchagua mwenyewe. Akampelekea dada. Dada akagoma kuchagua mtu.

"Wewe una kazi zako."

"Naandika namba yangu."

"Andika. Sitabonyeza."

"Usibonyeze."

Alhamisi daktari alivaa miwani, akazipitia kurasa mpya moja moja. Mwisho akauliza, "Na huyu mtu wa zamu asipokwenda?"

Kabla mchoraji hajajibu, simu yake ikatetemeka mezani. Dada yake amefika swali la nne. Anahitaji mikono.

Aliusoma ujumbe, akamgeuzia daktari simu ausome naye. Daktari akavua miwani.

"Sasa mbona bado umekaa?"

Dada alimfungulia akiwa na haya usoni. "Nilikuwa nakijaribu kitufe tu."

"Na mimi naijaribu mikono hii. Nenda kalale."

"Hajala. Supu iko mezani, ipoze kwanza. Akikutukana usimjibu. Mto wa pili uweke kushoto, si kulia." Aliyasema haya akirudi kinyumenyume kuelekea chumbani kwake, kisha akiwa ameketi kitandani, kisha akiwa amelala chali. "Dawa nyeupe ni baada ya kula. Asubuhi anaogopa dirisha likiwa wazi. Na lile blanketi lake la kijani, usi..."

Mchoraji alisubiri mlangoni amalizie. Hakumaliza. Alikuwa amelala, viatu miguuni, tepi ya kupimia bado shingoni.

Akamvua viatu polepole, kimoja, kisha kingine. Halafu, kwa kuwa hakujua blanketi la kijani halipaswi kufanywa nini, akaenda kumwuliza mama.