Jina la Ulluriaq

Tangu mkewe afariki, Putulik alikuwa hajui kazi inaishia wapi. Kuchonga alijua, hilo halina ubishi. Kijiji kizima, kule kaskazini kwenye barafu, kilijua, na hata wageni wa kusini waliokuja kununua dubu wake wa jiwe la kijani walijua. Lakini aliyekuwa akisema "basi" ni Ulluriaq. Yeye ndiye aliyepiga msasa, mikono ndani ya beseni la maji, na yeye ndiye aliyempokonya mumewe tupa. "Acha hapo. Ukizidi utamharibu." Sasa hapakuwa na wa kumpokonya. Putulik alishinda kwenye kibanda chake nje ya nyumba, vumbi limemjaa mpaka kwenye nyusi, akimchonga sili, yule mnyama mnene wa baharini, hadi anabaki dagaa.

Kwenye duka la ushirika, Juusipi, mnunuzi wa vinyago, alikigeuzageuza kimoja mkononi.

"Mzee, huyu ni dubu au panya?"

"Jana alikuwa dubu."

"Si ungemwacha jana?"

Waliokuwa wakinunua unga wakacheka, na Putulik akacheka nao, maana mtu mzima atalilia wapi, mbele ya mifuko ya unga? Akakirudisha kinyago chake mfukoni, akaenda zake.

Nyumba tupu angeizoea. Kilichomkondesha ni kwamba jina la Ulluriaq lilikuwa halijapata mtoto. Kwao, mtu akifa, jina lake humwendea mtoto anayezaliwa, awe wa kike au wa kiume, na mtoto huyo huwa ndiye yeye. Mume aliyefiwa humwita "mke wangu" hata kama ni kivulana chenye kamasi. Humpelekea minofu laini, naye mtoto humdekea kama mke. Tangu msiba ule watoto kadhaa walikuwa wamezaliwa kijijini, na wote wakapewa majina ya marehemu wengine. Sababu kila mtu aliijua, na hakuna aliyeitaja mbele ya Putulik. Ulluriaq alikuwa na ulimi mkali. Hakuna nyumba ambayo hakuwahi kuisema, na nani angependa kuulea mdomo ule tangu haujaota meno?

Kuomba hakufai. Jina hutolewa na wenye mtoto kwa hiari yao. Basi Putulik akangoja.

Barafu ilipoanza kupasuka ghubani, tumbo la Alasi, binti wa jirani, nalo likaanza kuonekana. Matumaini yakamwingia Putulik bila hodi. Alasi ndiye peke yake ambaye Ulluriaq alimvumilia. Alimfundisha kushona buti za ngozi ya sili, akimfumulia mshono mara kwa mara, lakini bila matusi. Putulik akaachana na dubu. Akaanza kuchonga mwanamke aliyevaa koti la kubebea mtoto, na mfuko wa mgongoni akauacha wazi, kwa kuwa hakujua bado ni nani atakayekuja. Akawa pia anapeleka samaki kwa Qiallak, mama yake Alasi.

"Shemeji, samaki tena?" Qiallak akamtania. "Mimba ni ya Alasi, si yangu. Au una lako?"

"Samaki ni samaki tu."

"Haya. Kaa basi unywe chai, usikimbie kama umeiba."

Akakaa. Maneno yalimjaa kifuani. Akanywa chai, akalitazama tumbo la Alasi, akaaga.

Alasi akasafirishwa kwa ndege kwenda kujifungua kwenye kijiji kikubwa chenye hospitali. Siku ya kurudi kwake, Putulik alifika uwanjani kabla ya gari la mizigo, amenawa mpaka masikioni.  Ndege ikatua, Alasi akashuka, mtoto yumo mgongoni ndani ya koti. Akawapita jamaa zake wote, akamjia yeye.

"Mjomba, njoo umwone. Mimi na mama tumekufikiria sana. Tunakuona ulivyo peke yako pale kibandani, tukasema haiwezekani."

 Putulik alikuwa na neno tayari mdomoni, "mke wangu," ambalo hakuwa amelitamka tangu mazishi.

"Tumempa jina lako," Alasi akasema, macho yakimng'aa. "Putulik. Ili hii mikono yako isipotee."

Qiallak akajifuta machozi. Watu wakamzunguka Putulik, wakampa mkono. Jina la mtu aliye hai kupewa mtoto ilikuwa heshima kubwa, na wengi hufa bila kuiona. Alilijua hilo, akashukuru kama inavyompasa mtu mwenye adabu. Ndani alikuwa amevunjika vibaya, na hakuwa hata na wa kumlaumu.

Alasi akapiga magoti kidogo ili mfuko ushuke. Mtoto alikuwa macho, mashavu mekundu, ngumi amezikunja. Putulik akavua glavu, akaingiza kidole ndani ya ngumi moja, na mtoto akakishika kwa nguvu. Tangu leo huyu alikuwa yeye. Kila kilichokuwa chake kilikuwa cha huyu pia.

"Pole, mwenzangu," akamnong'oneza, taratibu ili Alasi asisikie. "Na wewe umefiwa na mke. Sasa tuko wawili wa kumngoja."